Droni ya kwanza ya inchi 5: nikagulieni kikapu kabla sijalipa

mwl_wa_fizikia (Iringa)

Wakuu, habari za jioni.

Ninafundisha fizikia sekondari hapa Iringa, na likizo ya mwezi wa sita nataka kuunda droni yangu mwenyewe, ile ya inchi 5 inayorushwa kwa kuvaa miwani. Sitaki ya kununua ikiwa tayari. Nataka nijue kila waya umetoka wapi na unakwenda wapi, na siku ikianguka niifungue mezani bila kumtafuta mtu. Kulehemu najua kiasi changu: redio, spika, taa za sola za majirani. Nina laptop ya kawaida na simu ya Android.

Nimejaza kikapu kwenye duka la mtandaoni la China, ila sijalipa. Kilichomo ni hiki:

Fremu ya kaboni ya inchi 5, mikono ya unene wa mm 5, matundu ya katikati 30.5 × 30.5 tu. Ubongo (bodi inayoongoza droni) pamoja na ESC yake (bodi inayozigawia mota umeme) ya ampea 35, SpeedyBee F405 Mini. Mota nne za EMAX ECO II 2207, 1900KV. Betri nne za LiPo, 4S (yaani seli nne mfululizo), 1500 mAh. Rimoti ya Radiomaster Pocket. Risiva ya ELRS (mfumo wa mawasiliano ya rimoti na droni) ya 900 MHz, kwa kuwa nimesoma kwamba masafa ya chini yanafika mbali zaidi. Kamera ya analogi, kirusha picha cha 5.8 GHz na miwani ya Eachine EV800D (ninavaa miwani ya macho, nikaambiwa hii ya sanduku inaingia juu yake). Chaja ya aina ya iMAX B6. Propela za inchi 5.1, seti kumi. Pasi ya kulehemu ninayo nyumbani, wati 30, ya kuchomeka ukutani, haina pa kurekebisha joto.

Jumla pamoja na usafiri inakaribia milioni moja na laki tatu, na hiyo ndiyo pesa yote niliyojipangia.

Naomba mniambie kama humo kuna vitu visivyokubaliana. Pia betri: muuzaji mmoja anasema kwa ndege haziji. Sasa mimi nina 18650 nyingi (zile seli za lithiamu za mviringo) nilizozitoa kwenye laptop mbovu. Naweza kuunga nne mfululizo nikaruka nazo? Halafu huku kwetu tuko juu, na asubuhi za Juni na Julai ni za koti. Sijui kama hilo linaingia kwenye hesabu.

Asanteni.

boda_ya_angani (Nairobi)

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mimi ningekuambia uachane na inchi 5 kwanza. Chukua kale kadogo ka milimita 65, propela zimezungushiwa mduara wa plastiki, betri ni 1S ya 300 mAh hivi. Ubongo, ESC na risiva viko kwenye bodi moja. Unaruka darasani wanafunzi wakiwa wameenda nyumbani, ukigonga ukuta unaokota na kuendelea. Inchi 5 ikimgonga mtu ni hospitali, hiyo si ya kujifunzia.

Rimoti na miwani zitakuwa zilezile utakazotumia baadaye, kwa hivyo hujapoteza kitu. Angalia tu plagi za betri: zipo BT2.0 na PH2.0, chagua moja na ubaki nayo. BT2.0 inapitisha umeme vizuri zaidi.

Ya pili ni sheria. Kwetu Kenya kuna kanuni za 2020, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wanataka uwe na kibali kabla ya kuingiza droni nchini, siyo baada. Kwenu ni TCAA. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu mzigo ukishikwa forodhani utalia. Vifaa vidogovidogo kama mita ya umeme na nyaya, sisi huvipata Luthuli Avenue. Mota na fremu ni za kuagiza tu.

fundi_redio_tanga (Tanga)

Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni fundi wa redio na TV hapa Tanga, droni ni starehe yangu ya Jumapili. Kikapu chako nimekisoma mpaka mwisho. Ni kikapu cha mtu aliyesoma sana, ila kila kifaa umekisoma peke yake. Droni hainunuliwi hivyo. Unaanza na betri. Betri ikikaa, mota inajulikana. Mota inakutajia ESC, na ESC inakutajia fremu. Twende kwa mpango huo.

Betri na mota. Wewe ni mwalimu wa fizikia, hii utaipenda. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. 4S ni volti 14.8. Zidisha kwa 1900 unapata kama 28,000. Mota hiyohiyo kwenye 6S, volti 22.2, inapata 42,000. Ile ya 2400KV kwenye 4S inapata kama 35,500. Umeona sasa? Umechagua mota ya 6S ukaipa betri ya 4S. Haitaungua, na itaruka, lakini kivivu. Na Iringa mko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yenu ni nyepesi kuliko hii ya kwetu kwa karibu asilimia 14, na propela haina kingine cha kusukuma isipokuwa hewa. Uvivu juu ya uvivu.

Kwa hiyo chagua moja: mota za 2400KV na betri za 4S, au baki na 1900KV ununue 6S ya 1100 au 1300 mAh. Mimi kwa Iringa ningekwenda na 6S bila kujiuliza. Nguvu ileile kwenye volti nyingi inataka ampea chache, nyaya hazichemki, na betri haizami sana ukikanyaga mafuta. Kitu kimoja usikijaribu hata kwa udadisi: 2400KV kwenye 6S. Hiyo ni mizunguko 53,000 na harufu ya varnishi ya koili.

Baridi nayo imo kwenye hesabu. LiPo ikiwa baridi volti zake zinaanguka ghafla ukiomba nguvu, unadhani imeisha kumbe imeganda tu. Ziweke mfuko wa ndani wa koti, zitoke huko zikiwa na uvuguvugu wako, ndiyo uruke. Nusu dakika ya kwanza nenda polepole.

18650 za laptop, hapana. Seli ya laptop imezaliwa kutoa ampea chache kwa muda mrefu. Inchi 5 ukiipa mafuta yote inavuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Seli zitachemka na volti itakuwa imeanguka kabla droni haijapita paa la nyumba. Ila usizitupe! Radiomaster Pocket inatumia 18650 mbili na haiji nazo. Zijaze, zipime uwezo, chagua mbili zinazofanana na zenye afya. Hapo umeokoa pesa ya chai.

Bodi. F405 Mini ni ya 20 × 20, fremu yako ni 30.5. Hizo ni milimita kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na hakuna namna zitakubaliana. Usije ukaanza kutoboa kaboni kwa drili ya nyumbani: vumbi lake si zuri kifuani, na kaboni inapitisha umeme, chembe moja chini ya bodi inatosha kuleta shoti. Chukua F405 V4, ya 30.5, ESC yake ni ya ampea 55, bei haijapishana sana na inapokea 6S. Tena ina Bluetooth, ukiwa uwanjani unaibadilishia mipangilio kwa simu.

Risiva. ELRS ya 900 na Pocket ya 2.4 GHz hazitasikilizana hata uzipeleke kwa mganga. Chukua risiva ya ELRS ya 2.4. Usihofu umbali, picha yako ya analogi itakatika kabla rimoti haijakatika. Na wakati wa kulipia Pocket, soma boksi: kuna toleo la ELRS na kuna toleo la CC2500. Zote ni 2.4 GHz lakini lugha ni mbili tofauti. Halafu programu ya rimoti na ya risiva ziwe za kizazi kimoja, 3 kwa 3.

Sasa pasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Hiyo ya wati 30 iache kwenye redio. Pedi za betri kwenye ESC na shaba ya plagi ya betri, ile XT60, zinanyonya joto haraka kuliko pasi yako inavyolitoa. Utashikilia, utashikilia, waya wa kulehemu unakuwa uji badala ya maji, na muda wote huo joto linatambaa kwenda kwenye vipande vidogo vya bodi ambavyo hukutaka kuvigusa. Kijana mmoja aliniletea bodi yake hapa kibandani, pedi imenyanyuka pamoja na njia yake ya shaba. Hiyo hairudi. Unatakiwa uguse, iyeyuke, utoke.

Nunua yenye kurekebisha joto, wati 60 kwenda juu. Pinecil haizidi dola 30 na ni ndogo kama kalamu ya ubaoni. Inakula volti 12 hadi 24, kwa hiyo umeme ukikatika unaichomeka kwenye betri ya sola au LiPo ya 4S. 6S iliyojaa usiichomeke, inafika 25.2. Ncha yake iwe pana, ya patasi, siyo ile ya sindano inayokuja nayo. Ncha ya sindano haipeleki joto kwenye pedi kubwa. Nyaya nyembamba za risiva na kamera, nyuzi 350 zinatosha. Nyaya za mota na za betri, panda hadi 400. Waya wa kulehemu uwe wa 63/37, unaoyeyuka kwenye 183. Ule usio na risasi ndani yake una faida kwa viwanda, wewe utakuchelewesha tu. Na flaksi, ile dawa ya kusafisha kiungo, Mwalimu, flaksi. Paka pedi, paka waya, vipe vyote viwili ngozi nyembamba ya waya wa kulehemu ulioyeyuka, kila kimoja peke yake, kisha vikutanishe. Kabla ya bodi mpya, fanya mazoezi kwenye ubao wa deki mbovu hadi kila kiungo king'ae kama kioo.

Kabla ya kuchomeka betri mara ya kwanza, pima kwa mita kama chanya na hasi ya XT60 havijagusana. Halafu tumia balbu. Balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, iunge kwenye waya mwekundu kati ya XT60 ya kike na ya kiume. Umeme wa betri unapita kwenye balbu kwanza. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na bodi yako inapona. Pasipo na shoti inamweka mara moja, kapasita inajaa, kisha inafifia. Kwa 6S weka balbu mbili mfululizo, au moja ya lori ya volti 24. Usiwashe mota ukiwa kwenye balbu, hiyo ni ya kukagua tu. Maduka yanauza kifaa cha kazi hii kwa dola kadhaa, lakini balbu utaipata gereji yoyote hapo Iringa.

Gereji hiyohiyo itakupa spana namba 8. Nati za propela ni M5 na kichwa chake ni 8, ileile ya pikipiki. Alenki nunua nzuri: 1.5, 2, na 2.5. Za bei ya chini zinavunja kichwa cha skrubu, halafu utashinda mchana mzima na koleo.

Skrubu za mota nimeona wengi hawaziangalii. Mkono wako ni mm 5, skrubu ya M3 × 8 inaingia kwenye mota mm 3, hapo sawa. Ukiweka ya 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, ncha inafika kwenye koili, inakwangua varnishi, ESC inakufa siku ya kwanza. Ukimaliza kufunga, weka mita kwenye mlio: ncha moja kwenye waya wa mota, nyingine kwenye skrubu. Kimya ndicho tunachotaka. Tone la gundi ya bluu kwenye skrubu hizo, siyo kwenye nati za propela, zile zina nailoni yake tayari.

Antena: kirusha picha kisiwashwe bila antena, kitajichoma chenyewe. SMA na RP-SMA zinafanana kwa nje, tofauti ni kipini cha katikati. Linganisha kabla ya kulipa. Antena ya droni na ya miwani zizunguke upande mmoja, zote RHCP (kulia) au zote LHCP (kushoto). Mezani nguvu ya kirusha picha iweke mW 25, hakuna upepo wa kukipoza.

Mengine upesi. Chaja ya B6 inajaza hadi 6S, sawa, ila nyingi haziji na usambazaji wake wa umeme. Zinakula volti 12, kwa hiyo betri ya sola inakutosha. 6S ya 1300 kwa kasi ya kawaida ni kama wati 33. Jazia nje, juu ya saruji, ndani ya chungu cha udongo, ukiwepo. Iliyovimba haijazwi tena. Usiku usiziache zimejaa, zishushe hadi volti 3.8 kwa seli.

Na king'ora. Bodi ina pa kukiunga na bei yake ni ya maandazi. Sisi huku tunarusha pembeni mwa mashamba ya mkonge. Droni ikizama humo bila king'ora utaitafuta hadi magharibi, na miiba itakufundisha adabu. Vipo vyenye kibetri chao, vinalia hata betri kubwa ikichomoka. Chukua hivyo.

Kijana wa Nairobi hajasema uongo kuhusu hatari. Lakini Mwalimu amesema anataka kufungua na kufunga. Kale kadogo bodi ni moja, ukiunguza kona ya ESC umeunguza na ubongo na risiva. Kwa mtu wa mezani inchi 5 inasameheana naye zaidi. Kinachotakiwa ni kutangulia na rimoti: inunue peke yake mwezi huu, ichomeke kwenye laptop kwa USB, cheza simuleta ya Liftoff au Velocidrone hadi vidole vijue vyenyewe. Propela zivae siku ya mwisho kabisa. Mezani hazikai.

boda_ya_angani

Mzee wa Tanga, shikamoo. Nimekubali kwa upande wa kutengeneza. Lakini bado nasema mwalimu akiruka inchi 5 asiwe na mtoto yeyote karibu, wala wale wa klabu ya sayansi.

fundi_redio_tanga

Marahaba. Hapo hatubishani.

pemba_maskati (Maskati)

Mwalimu, kuhusu betri. Muuzaji wako anasema kweli. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, zisizokuwa ndani ya kifaa, haziruhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana zinakuja kwa meli au kwa ndege za mizigo tupu, na wauzaji wengi hawataki usumbufu.

Njia tunayotumia sisi ni abiria. Mimi nipo Maskati, kwetu Pemba, na nikishuka nyumbani huwa naombwa betri kuliko halua. Sheria ya abiria ni ya wati-saa: chini ya 100 unapita bila kuomba ruhusa ya shirika. Hesabu ni rahisi kwako: volti mara ampea-saa. 6S ya 1300 ni 22.2 mara 1.3, kama 29. Ile 4S ya 1500 ni 22. Uko mbali kabisa na mia. Lakini lazima zikae kwenye begi la mkononi. Ukizitia kwenye sanduku la chini watalifungua, nawe utaitwa kwa jina. Kila plagi iivishe kifuniko au utepe, kila betri kwenye mfuko wake, na zote ziwe zimeshushwa, zisiwe zimejaa. Lebo ya volti na mAh isifutike, maana mkaguzi atataka kuisoma. Idadi kila shirika lina yake, uliza kabla.

Kama una ndugu au mwalimu mwenzako anayetoka Dubai, Guangzhou au popote, muagize yeye. Mbili tatu hazimsumbui mtu.

mwl_wa_fizikia

Wakuu, nashukuru sana. Mzee wa Tanga, shikamoo. Ile hesabu ya KV nimeiandika ubaoni leo kwa kidato cha tatu, wakanipa kelele za kutosha.

Kikapu kimebadilika. F405 V4 imeingia, Mini imetoka. Risiva ni 2.4. Betri 6S 1300, zimekuwa tatu badala ya nne, na kuna mtu wa kanisani kwetu anarudi kutoka Dubai mwezi wa tano. Pinecil imeingia na ncha ya patasi. Sasa pesa imezidi kidogo. Nipunguze wapi? Nilifikiria propela, seti kumi zinaonekana nyingi.

Halafu kuna jambo moja sikuliona kwenye majibu: nimesikia inatakiwa kapasita kubwa kwenye ESC. Nimefungua TV mbovu ya bapa, nimeitoa moja ya 1000 µF, volti 25, inapima vizuri. Inafaa?

Kuhusu kibali, ninaandika barua kwa TCAA wiki hii. Ni hapa Iringa, si karibu na uwanja wa ndege wa Nduli, na wala si hifadhini.

boda_ya_angani

Propela usiguse! Ukijifunza, seti kumi ni wiki mbili.

fundi_redio_tanga

Marahaba, Mwalimu.

Propela ziache, kijana wa Nairobi amesema kweli. Punguza miwani. Usiitoe kabisa, isogeze mbele. Kuunda kutakuchukua wiki, simuleta itakuchukua wiki nyingine, na miwani haihitajiki katika hizo zote mbili. Kamera na kirusha picha vyote vilehemu sasa ukiwa mezani, kisha pima picha kwenye miwani ikifika. Kuna watu wanaondoa chaja ili wabaki na miwani. Hao sijui betri watazijaza na nini. Rimoti, chaja, pasi na miwani ndivyo vitakavyobaki mikononi mwako fremu hii ikishavunjika, kwa hiyo huko usinunue cha kubahatisha. Pa kubana ni kwenye fremu na kamera. Fremu ya bei ya kati inavunjika sawasawa na ya bei ya juu, mradi mikono iuzwe mmojammoja. Hilo liulize kabla ya kulipa: mkono wa akiba bei gani, na upo? Kama hawauzi mkono peke yake, iache hiyo fremu.

Na Nduli umefanya vizuri kuitaja. Kwenye barua andika eneo lenyewe kabisa unalotaka kurushia na urefu wa kupanda, usiandike "Iringa" tu. Ruaha usipeleke hata ikiwa ndani ya boksi.

Kapasita: hapana, hiyo ya volti 25. 6S iliyojaa ni 25.2, umeshaipita kabla hujawasha mota. Na mota zikifunga breki ghafla zinarudisha miruko ya volti juu zaidi ya hapo, ndiyo sababu ya kuweka kapasita yenyewe. Itavimba kichwa, au itapasuka. Tafuta 1000 µF ya volti 35, ya 50 ni bora zaidi. Iwe ya ukinzani mdogo wa ndani, ile wanayoiandika Low ESR. Fungua hiyo TV tena, angalia upande wa usambazaji wa umeme wa taa za nyuma, mara nyingi huko ziko za volti nyingi zaidi. Ila soma na µF, usichukue ya 47. Kama imekaa kwenye joto miaka, achana nayo. Mpya ni bei ndogo sana, na boksi la F405 V4 huwa linakuja na moja. Ukiipata humo, tumia hiyo.

Miguu ifupi, mwisho sentimita moja, moja kwa moja kwenye pedi za betri, siyo kwenye ncha ya waya ya mbali. Mstari mweupe ni hasi. Ivishe mrija unaosinyaa, uifunge kwa kebo tai ili isitikisike. Ukimaliza kulehemu XT60 na kapasita, piga picha pande zote mbili uiweke hapa kabla ya balbu. Nitaiangalia usiku nikifunga kibanda.